Behistun au mnara wa Shapur: uanze na lipi ukitaka kujua wafalme wa Uajemi walivyodai kibali cha Mungu

Waliosoma Ezra na Esta kwenye Biblia wanawajua hawa jamaa tayari, Koreshi, Dario, Ahasuero (ndo huyo Xerxes wa Wagiriki), Artashasta, ila mule wanasimuliwa na watu wengine. Wao wenyewe walijieleza kwenye mawe, mara nyingi kwa lugha tatu kwa mpigo, na hoja ya msingi ni ileile kila ukigeuka: mimi ni mfalme kwa sababu Mungu kanipa kibali. Shida ni kwamba maandishi yenyewe ni mengi, yametapakaa kuanzia Iran hadi Uturuki na Misri, na ukiuliza mtandaoni uanzie wapi kila mtu anakutupia lake.

Mimi nitalinganisha mawili makubwa, la Dario pale Behistun (kama 520 KK) na la Shapur wa Kwanza pale Naqsh-e Rustam (miaka ya 260 BK). Kati yao kuna karibu miaka 780 na koo tofauti kabisa za kifalme, lakini ukiyaweka ubavu kwa ubavu unaona hoja ya kibali ilianzaje na ikaishia wapi. Mengine madogo nitayagusa njiani, manake kuna moja, sanamu ya Dario iliyopatikana Susa, ambayo kwa mtu asiye na muda naona inayapiku yote mawili.

Kwanza niitoe njiani silinda ya Koreshi, sababu ndo watu wanayotumiana kila siku na yale maneno ya "hati ya kwanza ya haki za binadamu". Ni kipande cha udongo wa kuchoma, urefu sentimita 22 na kidogo, kilichimbuliwa Babeli 1879 na kipo British Museum, na kimeandikwa kwa lugha moja tu, Kibabeli. Ndani yake Marduk, mungu mkuu wa Babeli, kamkasirikia mfalme Nabonido, kazunguka nchi zote akitafuta mfalme mwadilifu, akamshika Koreshi mkono na kumtaja kwa jina lake. Ukitoka hapo ukasoma Isaya 45 unashtuka, pale BWANA ndiye anayemshika Koreshi mkono wa kuume na kumwita masihi wake, wazo ni lilelile ila aliyeshika mkono ni mwingine. Kizuri mno hicho kipande, sikatai, lakini kiliandikwa baada ya Babeli kutekwa 539 KK kwa desturi za makuhani wa Babeli ili watu wa Babeli wasikie, hakikuambii Waajemi wenyewe kwao waliongeaje kuhusu Mungu na ufalme. Ukianza nacho utadhani Koreshi alikuwa mcha Marduk tangu utotoni. Kiweke kiporo.

Behistun: mtu aliyekuwa na maswali ya kujibu

Behistun ni mlima magharibi mwa Iran karibu na Kermanshah, kando ya barabara ya zamani iliyotoka Babeli kwenda Ekbatana, Hamadan ya leo. Juu kabisa kwenye jabali, makumi ya mita kutoka chini, Dario kachongwa kwa kimo cha mtu wa kawaida, upinde mkononi, mguu wa kushoto kaukanyaga kifua cha mtu aliyelala chali ameinua mikono kama anaomba msamaha. Mbele yake kuna watu tisa wamefungwa kamba shingoni, mikono nyuma, wa mwisho kavaa kofia ndefu yenye ncha. Juu yao anaelea mtu ndani ya duara lenye mabawa kashika pete, anamnyooshea Dario, na Dario kainua mkono kumwelekea. Kuzunguka picha ndo maandishi yenyewe, Kiajemi cha Kale, Kielamu (lugha ya watu wa Elamu, kusini magharibi mwa Iran) na Kibabeli, yote kwa mwandiko wa kikabari, ule wa vijialama kama misumari.

Sasa kwanini huyu bwana alihitaji sana kibali cha Mungu? Kwa sababu haki yake ya kukaa pale ilikuwa na walakini. Mwaka 522 KK Kambise mwana wa Koreshi alifariki njiani akitoka Misri, na huku nyumbani kiti kilishakaliwa na mtu aliyejiita Bardiya, mdogo wake Kambise. Dario anasema huyo hakuwa Bardiya, Bardiya halisi aliuawa kimyakimya zamani na kaka yake, huyu ni kuhani mmoja mwongo anaitwa Gaumata, na hakuna aliyethubutu kusema kitu mpaka mimi nilipokuja, nikamwomba Ahura Mazda (mungu mkuu wa Waajemi), nikamuua nikiwa na watu wachache. Wanahistoria wengi wanashuku kwamba aliyeuawa alikuwa Bardiya mwenyewe, mtoto halali wa Koreshi, na hadithi ya mwongo ilitungwa baadaye. Sitaki kuingia huko sana. Ila ongeza na hili, kwenye maandishi mengine ya Susa Dario mwenyewe anasema kwamba Ahura Mazda alipomfanya mfalme, baba yake Vishtaspa na babu yake Arshama wote wawili walikuwa hai. Fikiria hiyo. Kama ufalme ungekuwa unakwenda kwa damu tu, kulikuwa na wazee wawili mbele yake kwenye foleni. Kwahiyo kibali pale Behistun kinabeba uzito ambao nasaba imeshindwa kuubeba, ingawa nasaba nayo kaitaja, anasema kwenye ukoo wetu wanane walishakuwa wafalme, mimi ni wa tisa.

Na anaitaja kila hatua. "Kwa kibali cha Ahura Mazda mimi ni mfalme, Ahura Mazda ndiye aliyenipa ufalme," halafu kila vita, kila mwasi aliyekamatwa, kila jeshi lililotumwa, kibali cha Ahura Mazda, kibali cha Ahura Mazda, mpaka msomaji wa leo anachoka. Mapigano kumi na tisa, wafalme tisa waongo wamekamatwa, yote anadai kayafanya ndani ya mwaka mmoja. Kila mwasi kaandikiwa kibandiko chake: huyu alidanganya, alisema mimi ni fulani mwana wa fulani. Uongo ndo dhambi kuu humu ndani. Waasi hawakukosea siasa, walishikwa na Uongo, na Dario kashinda kwa sababu yeye hakuwa mtu wa Uongo.

Sehemu ninayoipenda mimi ni safu ya nne, pale vita vimekwisha na jamaa anaanza kuongea na wewe msomaji moja kwa moja. Anaapa kwa Ahura Mazda kwamba haya ni kweli. Halafu anasema kuna mengi mengine niliyafanya ila sikuyaandika hapa, nisije nikamfanya mtu atakayesoma baadaye aone yamezidi, asiamini, aseme ni uongo. Jamani, mfalme wa nchi ishirini na tatu, kachonga mlima mzima, na bado ana wasiwasi kwamba hutomwamini! Kisha anaeleza kwanini Mungu alimsaidia, na miungu wengine waliopo pia (ndio, "wengine waliopo", kaandika hivyohivyo), sababu sikuwa mkaidi, sikuwa mwongo, sikuwa mtenda mabaya, mimi wala ukoo wangu, sikumwonea mnyonge wala mwenye nguvu. Yaani kibali kina masharti na yeye anadai kayatimiza. Na anakupa na wewe kazi: ukiyatangaza haya kwa watu Ahura Mazda awe rafiki yako, upate uzao mwingi, uishi sana, ukiyaficha basi akuue na usiwe na kizazi.

Udhaifu wake? Ni refu, na katikati linachosha, majina ya ngome na majemadari na miezi ambayo hata ukiyasoma mara tano hayakai kichwani. Na lina ukatili wa wazi, mwasi wa Umedi anaitwa Fravartish alikatwa pua, masikio na ulimi, akatobolewa jicho moja, akafungwa langoni pa ikulu watu wote wamwone, kisha akatundikwa mtini Ekbatana. Hii nayo inasimuliwa kwa utulivu uleule wa kibali cha Ahura Mazda. Kama unatafuta andiko la kufundishia watoto wa Sunday school siyo hili.

(Ukitaka kucheka kidogo, Herodotus Mgiriki naye ana hadithi yake, anasema wale waliomuua mwongo walikubaliana farasi wa nani atalia kwanza jua likichomoza ndo awe mfalme, na mtunza farasi wa Dario akafanya ujanja wa farasi jike. Cha ajabu ni kwamba majina ya wenzake sita aliowataja Dario, matano yanalingana na ya Herodotus, kwahiyo Mgiriki alikuwa na chanzo kizuri mahali fulani, kwenye farasi ndo sijui.)

Mnara wa Shapur: mtu aliyekuja na hesabu mkononi

Tukienda Naqsh-e Rustam sasa, kusini, jimbo la Fars, karibu na Persepolis, mji wa kifalme wa akina Dario. (Wenzetu wa Pwani wanaojiita Washirazi, ndo jimbo hilohilo lenye mji wa Shiraz, ila msichanganye, hawa wafalme ni mamia ya miaka kabla ya hadithi za majahazi ya Kilwa.) Pale kuna jabali lenye makaburi ya Dario, Xerxes na wenzao yamechongwa juu huko, na mbele yake umesimama mnara wa mawe wa pembe nne uliojengwa zama za akina Dario, watu wanauita Ka'ba-ye Zardosht. Shapur wa ukoo wa Wasasani, zaidi ya miaka 700 baadaye, akauchukua mnara huo akaandika kwenye kuta zake tatu, ukuta mmoja Kiajemi cha Kati, mwingine Kiparthi (lugha ya Waparthi, waliotawala kabla ya Wasasani), mwingine Kigiriki. Mchanga uliufunika sehemu ya chini na ukaja kuchimbuliwa na timu ya Chicago miaka ya 1936 hadi 1939.

Hakuna dalili kwamba Wasasani walijua kusoma mwandiko wa kikabari. Waliona picha tu na makaburi makubwa, wakajua kwamba hapa ni mahali pa wafalme. Ndo maana kufanana kwa maneno yao na ya Dario kunashangaza zaidi.

Shapur anaanza bila wasiwasi wowote: mimi, mwabudu wa Mazda, bwana Shapur, mfalme wa wafalme wa Iran na wasio Iran, ambaye asili yake ni kutoka kwa miungu, mwana wa Ardashir, mjukuu wa Papak. Umeona tofauti? Dario hajawahi kusema ametoka kwa miungu. Dario ni mtu aliyechaguliwa, Shapur ni mtu ambaye damu yake yenyewe inahusiana na mbinguni. Dario anaomba aaminiwe, Shapur wala, anakutajia nchi zake moja moja halafu anaingia vitani na Roma.

Na vita vyenyewe ni vitamu kusoma kuliko vya Behistun, hilo lazima nikubali. Ni vitatu tu na kila kimoja kina mtu unayemjua kutoka historia ya Roma. Cha kwanza Kaisari Gordian wa Tatu kaja na jeshi, wakapigana Misikhe karibu na Babeli, Gordian akauawa, akaja Philip kuomba masharti akatoa dinari 500,000 (upande wa Roma wana simulizi nyingine, wanamlaumu huyo Philip kwa kifo cha Gordian). Cha pili kinaanza na sentensi moja ambayo ukitoka Behistun inakugonga: Kaisari akadanganya tena, akaikosea Armenia. Uongo uleule! Adui ni mwongo, kwahiyo kumpiga ni haki. Jeshi la watu 60,000 likamalizwa Barbalissos. Cha tatu, mwaka 260, Kaisari Valerian kaja na 70,000 na Shapur anasema nilimkamata kwa mikono yangu mwenyewe, yeye na maafisa wake na maseneta, tukawahamishia Uajemi. Hesabu za majeshi ni zake, chukua kwa tahadhari, ila kukamatwa kwa Valerian ni kweli tupu, ni mara ya kwanza Kaisari wa Roma kutekwa akiwa hai na adui wa nje.

Lakini kibali kipo wapi? Hapa ndo pazuri na ndo wengi wanaruka. Baada ya vita Shapur anasema, kwa sababu miungu imetufanya watu wao walio chini ya himaya yao, na kwa msaada wao tumepata nchi zote hizi, basi na sisi tumeanzisha mioto mitakatifu mingi nchi hadi nchi, tumewatendea mema makuhani. Kisha anaanza kuorodhesha, moto mmoja kwa ajili ya roho yake, mmoja kwa binti yake Adur-Anahid malkia wa malkia, mingine kwa wanawe watatu, na kila siku mwanakondoo mmoja, na mkate wa kipimo fulani, na divai kipimo fulani, kwa ajili ya roho ya huyu na huyu na huyu. Anashuka mpaka kwa watu wa ikulu, walioishi wakati wa Papak, wakati wa Ardashir, na wa sasa, waandishi, watunza hazina, msimamizi wa mawindo, bwana jela. Ni daftari. Kibali kwa Dario ni jibu la swali la "nani kakupa wewe?", kwa Shapur ni mahesabu, miungu imetoa, na mimi narudisha, risiti hizi hapa ukutani. Na anamalizia kumwambia atakayekuja baada yake awe na bidii katika mambo ya miungu kama yeye alivyokuwa, ili miungu imfanye naye mtu wao.

Mimi binafsi hii sehemu ya kondoo na mikate inanigusa kuliko vita vya Valerian, sababu inaonyesha dini ya kifalme ikifanya kazi siku ya kawaida ya Jumatatu, siyo siku ya ushindi tu. Wengine wataona ni orodha ya boharia. Hapo ni wewe na hulka yako.

Udhaifu: ukuta wa Kiajemi cha Kati umeharibika vibaya, kwahiyo tafsiri nyingi zinaegemea Kiparthi na Kigiriki. Na mtu akiwa hana habari kabisa za Roma atapotea kwenye orodha ya miji iliyotekwa Syria na Kapadokia. Pia jihadhari, chini ya maneno ya Shapur kwenye ukuta uleule kuna maandishi ya kuhani mmoja anaitwa Kirdir, kwa lugha moja tu, na huyo ndo anayejisifu kuwabana Wayahudi, Wakristo, Wabudha na wafuasi wa Mani. Watu wanayachanganya wanasema Shapur ndiye kasema. Siyo Shapur.

Lugha tatu, je zinasema kitu kimoja?

Kama unachagua kwa kigezo cha lugha tu, Behistun inashinda na wala siyo kwa kidogo.

Ukisoma Kiajemi cha Kale, Ahura Mazda ni Ahura Mazda, haelezwi, kila mtu anamjua. Ukienda Kielamu kuna mahali mwandishi kaongeza kwamba Ahura Mazda ni "mungu wa Waaria", kana kwamba anamweleza msomaji ambaye siyo wa kabila hilo kwamba huyu anayetajwa ni mungu wa wale wenzetu. Kibabeli nacho kinatoa idadi ya waliouawa na waliotekwa kwenye mapigano, Kiajemi hakitoi, Wababeli walipenda tarakimu. Halafu safu ya tano, ya vita vya miaka iliyofuata dhidi ya Waelamu na Wasaka (wafugaji wa kuhamahama wa kaskazini), ipo kwa Kiajemi tu, na humo ndo kwa mara ya kwanza anasema kosa la maadui ni kwamba hawakumwabudu Ahura Mazda. Yule mwenye kofia ya ncha ni mfalme wa hao Wasaka, Skunkha, aliongezwa baadaye, na ili apate nafasi ikabidi wakate sehemu ya maandishi ya Kielamu yaliyokuwepo tayari, wakayaandika upya upande mwingine.

Na utauliza nani angesoma kitu kilichoko juu huko jabalini? Hakuna, na Dario alijua, ndo maana kwenye andiko lenyewe anasema alituma nakala kila mahali. Tumezipata. Moja ni ya Kiaramu kwenye mafunjo, kutoka Elephantine kusini mwa Misri, ilinakiliwa kama miaka mia baadaye kwenye kambi ya askari Wayahudi. Nyingine ni vipande vya jiwe kutoka Babeli mjini, na huko, pale panapotakiwa kuwa Ahura Mazda, kaandikwa Bel, yaani Marduk. Mfalme yuleyule, vita vilevile, aliyetoa kibali ni mungu wa wenyeji.

Kwa Shapur tofauti kati ya kuta ni ndogo, mara nyingi ni tahajia na majina ya vyeo. Ila kama unataka kuona Wasasani wakifanya mchezo huohuo wa mungu kubadilika, tembea hatua chache tu hapo Naqsh-e Rustam ukaone picha ya baba yake Ardashir, yeye na Ahura Mazda wote wako juu ya farasi wanatazamana, Ahura Mazda anampa pete, farasi wa mfalme anamkanyaga Artabanus mfalme wa mwisho wa Waparthi na farasi wa Mungu anamkanyaga Ahriman, shetani mwenyewe. Imeandikwa lugha tatu ubavuni mwa farasi, maneno machache, na kwenye Kigiriki Ahura Mazda anaitwa Zeus.

Hapa ndo niilete ile sanamu ya Susa. Ilifukuliwa 1972 penye lango la ikulu ya Dario, haina kichwa, sasa ipo Makumbusho ya Taifa, Tehran. Ina lugha nne. Kwenye mikunjo ya vazi upande mmoja kuna zile tatu za kikabari, zinasema Mungu mkubwa ni Ahura Mazda aliyeumba dunia hii na mbingu ile, na kwamba sanamu hii Dario kaagiza ichongwe Misri ili atakayeiona baadaye ajue kwamba mtu wa Uajemi anaishika Misri. Upande mwingine ni hieroglifu za Misri, na huko Ahura Mazda hayupo kabisa, Dario ni mteule wa Atum wa Heliopolis, mwana wa Ra, na mungu mke Neith kampa upinde wake awapigie maadui. Hakuna neno la "mtu wa Uajemi kaishika Misri" upande wa Kimisri! Ni kama mgombea anayeingia msikitini na kofia asubuhi na kanisani na Biblia mchana, tofauti ni kwamba huyu kavaa vyote viwili kwenye mwili mmoja wa jiwe na akawa na uhakika kwamba asomaye upande huu hasomi ule. Chini kwenye kitako kuna watu wa mataifa 24 wamepiga magoti wameinua viganja juu, kila taifa na jina lake.

Kwa dakika kumi za kusoma huwezi kupata kitu bora kuliko hiyo.

Mengine kwa haraka. Kaburi la Dario hapo Naqsh-e Rustam lina lile tamko zuri kwamba Ahura Mazda aliumba dunia, akaumba mbingu, akaumba mtu, akaumba furaha ya mtu, akamfanya Dario mfalme, na kwamba alipoiona dunia imevurugika ndo akamkabidhi yeye. Fupi, safi, inafaa kunukuliwa, ila haina drama. Ganjnameh pale Hamadan ni vibao viwili, cha Dario na cha Xerxes, karibu maneno yaleyale, ukisoma kimoja umesoma vyote. Van huko Uturuki, Xerxes anasema baba yangu alitengeneza sehemu hii ikabaki tupu bila maandishi, nikaamuru iandikwe, basi, hiyo ndo habari nzima na mimi naipenda kwa ukweli wake. Andiko la Xerxes kuhusu kubomoa mahali pa ibada za "daiva", miungu ya uongo, lililopatikana Persepolis 1935, watu wanalikimbilia sababu linaonekana kama vita vya dini, ila halitaji mji wala mwaka wala mtu, na wataalamu hawajakubaliana kama lilitokea kweli au ni tamko la jumla tu, kwahiyo kuanzia hapo ni kujitafutia ubishi. Artashasta wa Pili yeye anaomba miungu Anahita na Mithra pamoja na Ahura Mazda, jambo ambalo Dario hakuwahi kulifanya kwa majina. Na Paikuli, mnara ulioko Kurdistan ya Iraq, ni wa Narseh, mmoja wa wale wana wa Shapur waliowashiwa moto, alichukua ufalme 293 na anasisitiza kwamba wakubwa wa nchi walimwomba aje, miungu na wakubwa pamoja. Mawe ya mnara huo yalianguka yakatawanyika, kusoma ni kama kuunga vipande, siyo ya kuanzia.

Kwahiyo uchague lipi

Kama swali lako ni la siasa, mtu anachukua madaraka kwa nguvu halafu anatafutaje uhalali, chukua Behistun bila kusita. Hakuna andiko jingine la kifalme la Uajemi ambapo unamsikia mfalme akijitetea hivyo. Ukiwa mtu wa Biblia pia ningekwambia Behistun, manake lugha ya Ezra ya "Mungu wa mbinguni amenipa falme zote za dunia" itakuingia tofauti kabisa ukishaona jinsi wafalme hawa walivyokuwa wanamtaja mungu wa kila mji. Baada ya hapo ndo chukua silinda ya Koreshi ile tuliyoiweka kiporo.

Kama wewe ni mtu wa Roma, au unataka kujua dini ya Zoroasta ilivyoendeshwa kwa vitendo, mioto, sadaka, nani anaombewa, basi ni Shapur, na Behistun itakuchosha tu. Kwa safari pia Shapur ana nafuu, mnara upo chini, unausogelea, na siku hiyohiyo unaona makaburi, picha ya Ardashir na Persepolis, wakati Behistun unasimama chini ukikaza macho.

Mimi ukinilazimisha moja nasema Behistun, lakini usiisome yote kwa mpangilio, utaacha katikati. Aya zimepewa namba kwenye tafsiri zote. Anza ya 10 mpaka ya 15 upate kisa cha Kambise na Gaumata, ruka vita vyote, ingia ya 52 uende mpaka ya 70, halafu ukipata hamu ndo urudi kwenye vita. Kwa Shapur soma mwanzo, vita vitatu ukiruka orodha za miji, kisha tulia kwenye mioto na sadaka. Na kwa yote mawili, kabla hujaanza, angalia mtafsiri kasema ametafsiri kutoka lugha ipi, manake tafsiri nyingi za Behistun mtandaoni ni za Kiajemi cha Kale peke yake, na humo hutamkuta Bel wala yule mungu wa Waaria.